Nyama Ioteshwayo Chomboni na Suali la Kisu

Bismillahi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumbia wanaadamu wanyama wa mifugo wapate kula nyama yao na kunywa maziwa yao na kujifunika kwa sufi zao, kisha akauwekea ulaji wao mipaka. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Baharia wa Kiislamu atokaye Mombasa au Unguja, ambaye meli yake ilifunga gati Singapore baada ya mwezi wa Desemba 2020, aliweza kuandaliwa nyama ya kuku ambayo kuku wake hakuchinjwa, wala hakunyongwa, wala hakufa kwa maradhi. Palikuwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho tupu, zikatiwa katika pipa la chuma, zikalishwa, zikaongezeka, zikavunwa, zikapikwa. Mwezi huo serikali ya nchi ile ilikuwa ya kwanza duniani kuruhusu nyama ya namna hii iuzwe. Marekani walifuata mwezi wa Juni 2023, na Israil Januari 2024. Italia nao waliipiga marufuku mwezi wa Novemba 2023, na jimbo la Florida huko Marekani mwaka 2024. Lakini waliozuia hawakuzuia kwa kuchunga halali ya Muislamu, bali kwa ajili ya wafugaji wao na mila zao za chakula. Basi katika ruhusa yao na katika katazo lao hamna hoja ya kisharia.

Khabari hii ifikapo barazani, watu hugawanyika kabla kahawa haijapoa. Mmoja hunena kwamba nyama isiyochinjwa ni nyamafu, na neno limekwisha. Wa pili hunena kwamba nyamafu ni mnyama aliyekufa, na hapa hapana aliyekufa, basi ni halali kama mchicha. Wa tatu hucheka akanena kwamba mambo ya Wazungu hayana mwisho. Wote watatu wamehukumu kitu wasichojua kilivyofanywa, na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl, aya ya 116, amezikataza ndimi zisizue uwongo juu yake kwa kutangaza hili ni halali na hili ni haramu. Mafakihi wa zamani hawakuwa hivyo. Aliyeandika mlango wa ngozi alijua kazi ya mtengeneza ngozi, na kwamba maganda ya komamanga hukausha unyevu ambao jua peke yake haliuondoi. Na aliyeandika mlango wa siki alijua mvinyo hugeuka vipi, na ukitiwa kitu ukageuka ni nini hukumu yake. Basi atakaye kulihukumu pipa na aanze kwa kulijua pipa.

Fikira yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1912, katika nyumba ya elimu ya Rockefeller mjini New York, tabibu Mfaransa Alexis Carrel alitwaa kipande cha moyo wa kifaranga aliye ndani ya yai, akakitia katika chombo cha kioo na kukilisha, na ikavuma kwamba chembe zile zilidumu kuishi hata mwaka 1946. Mwaka 1931 Mwingereza Winston Churchill aliandika kwamba itakuja siku watu wataacha kufuga kuku mzima kwa ajili ya kula kidari au bawa, na wataotesha viungo hivyo peke yake. Baadaye Mholanzi Willem van Eelen, aliyekuwa mateka wa Wajapani katika visiwa vya Indonesia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuionja njaa ya kifungo, aliishika fikira hii kwa umri wake wote. Kisha mwananchi mwenzake, Mark Post wa chuo kikuu cha Maastricht, akaitimiza: tarehe 5 Agosti 2013, mjini London, kilikaangwa mbele ya watu kitonge kimoja cha nyama ya ng'ombe kilichooteshwa katika vyombo, gharama yake kiasi cha yuro 250,000. Walioonja walisema ni nyama, ila imekosa mafuta.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe. Mwili wa kila chenye uhai umejengwa kwa chembe ambazo wataalamu huziita seli, na miongoni mwazo zimo zinazoweza kuzaa nyingine, nazo huitwa seli shina. Mfano wake ni mgomba: mkungu hukatwa na mti ukaanguka, lakini shina lililo chini ya udongo hutoa machipukizi. Katika nyama ya msuli, pembeni mwa kila uzi wake, zimelala seli za namna hiyo. Alexander Mauro alizitambua mwaka 1961 katika msuli wa chura, kwa darubini yenye nguvu kupita ile ya kioo. Kazi yao ni kungoja jeraha. Msuli uchanikapo huamka, zikajigawa mbili mbili, na kuunga palipoharibika. Amesubhanika! Mchukuzi wa bandarini akiumia bega leo na akarudi kazini mwisho wa mwezi, hajui kwamba aliyemponya ni Mola wake kwa askari hao waliolala.

Mwenye kuotesha nyama huwatafuta askari hao. Huchagua mnyama kijana, kwani kijana ana wengi na wana nguvu. Huchagua mwenye afya, asije akaingiza maradhi katika pipa, kwa kuwa seli zilizo pipani hazina mwili wa kuzilinda, na kijidudu kimoja kiingiapo huharibu kazi nzima. Wengine hawataki seli za msuli, bali huchukua zile zizaazo mafuta, au zile za nyuzi zishikanishazo viungo. Wengine huchukua seli za kiinitete katika siku zake za kwanza, ambazo zaweza kugeuka kuwa kiungo chochote. Na tangu mwaka 2006, alipofaulu Mjapani Shinya Yamanaka kwa seli za panya, yawezekana seli ya ngozi kurudishwa nyuma ikawa kama ile ya kiinitete. Haya yote huyapima kwa mizani ya faida: ipi yakua upesi, ipi yadumu, ipi yakubali kulelewa bila ya taabu. Ambalo hakulazimika kulipima ni kama mnyama alichinjwa au hakuchinjwa. Kwake yeye njia iliyo nyepesi ni kumchoma ng'ombe aliye hai sindano ya ganzi, akamkata kipande kidogo kama punje ya kunde, na ng'ombe akarudi malishoni.

Kipande kile hukatwakatwa, na seli shina zikatengwa na zisizotakiwa. Hutiwa katika maji yenye joto karibu na lile la mwili, digrii kama 37, na ndani ya maji mna sukari, na chumvi, na vitamini, na vile vijenzi vya nyama viitwavyo asidi amino, na dawa za kuziamrisha zikue, kama insulini. Zikilishwa vyema hujigawa karibu mara moja kila siku. Seli moja ikijigawa mara 30 bila ya kufa hata moja, hupatikana zaidi ya 1,000,000,000. Na ikifika mara 40 hupita 1,000,000,000,000. Zikishakuwa nyingi hubadilishiwa chakula, nazo huacha kuzaana, zikaungana kuwa nyuzi, na nyuzi zikawa nyama. Kitonge kile cha London kilikusanya nyuzi kama 20,000.

Hapa ndipo suali la kisu lisimamapo. Waarabu wa Madina, kabla sharia haijawafikia, walikuwa wakikata nundu za ngamia na mikia yenye mafuta ya kondoo hali wanyama wale wahai, wakala, na mnyama akaachwa apone akatwe tena. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika aliikomesha ada hiyo, na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Waqid Al-Laythi, alibainisha kwamba kilichokatwa katika mnyama aliye hai ni sawa na mnyama yule akiwa amekufa. Huu ukawa msingi mkuu katika madhhebi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhhebi ya watu wengi wa mwambao. Waliotoa vitu katika msingi huu walitoa kwa dalili: sufi na manyoya ya mnyama aliwaye, kwa kuwa Suratun Nahl, aya ya 80, imeyahesabu katika neema, na maziwa, na yai, na miski. Nyama haikutolewa. Basi punje ile ya kunde iliyokatwa katika ng'ombe aliyerudi malishoni, hukumu yake ni hukumu ya mkia wa kondoo wa Madina.

Atasema mwenye kubisha: mkia wa kondoo ni nyama ya kujaza chungu, lakini seli hata jicho haliioni, na kilichoko mwishoni si ile iliyokatwa, bali ni mpya, iliyotoka katika sukari na chumvi. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Katika madhhebi ya Hanafi, punda aliyeanguka katika shimo la chumvi akageuka chumvi, chumvi hiyo ni safi, kwa kuwa dhati imekwisha kubadilika. Lakini Mashafi hawakuufungua mlango huo isipokuwa katika vitu vichache, kama mvinyo ugeukao siki wenyewe, na ngozi ya nyamafu itengenezwapo, wala si ya mbwa na nguruwe. Tena, hapa hapana mgeuko. Punda aligeuka akawa kitu kisicho punda. Seli ya ng'ombe imezaa seli za ng'ombe, nazo zimekuwa nyama ya ng'ombe, na muuzaji mwenyewe huisifu kwa jina hilo wala hataki iitwe jina jingine. Kama ni kweli kwamba imegeuka ikawa kitu kipya, kwa nini aiuze kwa jina la ng'ombe? Na mafakihi wamenena juu ya mtu aliyepora mbegu akaipanda, kwamba mmea ni wa mwenye mbegu, ijapokuwa udongo na maji na jasho ni ya mporaji. Udogo wa asili haukuifuta hukumu yake.

Wala mlango haukufungwa kwa hayo. Kila aliyehudhuria machinjoni siku ya Idd ameona nyama ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa na kuchunwa ikitetemeka juu ya jamvi, na watoto wakastaajabu. Mnyama amekufa, na dhabihu imetimia, lakini seli zake hazikufa papo hapo. Nyingi huishi kwa masaa. Wataalamu wajua jambo hili vizuri, na mara nyingi huzipata seli shina katika nyama mbichi itokayo machinjoni. Basi hapana lililowashinda. Ng'ombe halali, akachinjwa na Muislamu kwa kisu kikali na kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha ikatwaliwa punje ya kunde katika paja lake kabla haijapoa, hiyo ni punje ya nyama iliyochinjwa, na kizazi chake chafuata asili yake. Tofauti ya halali na haramu imekuwa ni tofauti ya saa moja na ya mahali pa kusimama: zizini au machinjoni. Mwenye kuotesha hapotezi kitu kwa kwenda machinjoni, ila ada yake.

Na kuna faida ya kuijua khabari ya Carrel hadi mwisho wake. Alivuma kwa miaka mingi kwamba seli zake hazifi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick akishirikiana na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za mwanaadamu hujigawa kiasi cha mara 50, kisha hukoma. Na wengi wakadhani kwamba zile za New York zilidumu kwa sababu maji ya kulishia, yaliyokamuliwa katika vifaranga, yalikuwa yakiingiza seli mpya kila yatiwapo. Hivyo mwenye kuotesha ana njia mbili. Ama atarudi kwa mnyama kila baada ya muda, na kila arudipo suali la kisu hurudi naye. Ama atatafuta seli zilizovuka mpaka ule, kwa bahati au kwa kugeuzwa asili yake, zikawa hazikomi. Huziita seli zisizokufa. Jina hilo na lichukuliwe kuwa ni la mazoea tu, kwani zikikosa chakula au joto likizidi hufa mara moja, na asiyekufa ni Mmoja.

Kuku waliouzwa kwanza Singapore na Marekani baadhi yao asili yao ni seli za kifaranga aliye ndani ya yai. Kifaranga aliyekwisha kuingiwa na uhai akafa pasi na kuchinjwa ni nyamafu. Ama yai ambalo halijafika hapo ni mahali pa kuangaliwa na wanavyuoni, na msomaji wa kitabu kidogo asiharakie.

Limebaki suali la pili, nalo ni la chakula cha pipa. Kwa miaka mingi maji ya kukuzia seli yalitiwa seramu, yaani maji ya damu iliyogandishwa na kuchujwa, nayo ni damu ya ndama aliye tumboni. Ng'ombe mwenye mimba achinjwapo katika machinjio makubwa, ndama hutolewa, na sindano huchomwa katika moyo wake kuvuta damu. Kitonge cha London kililelewa kwa damu hiyo, na kuku wa Singapore wa mwaka 2020 kadhalika. Sasa, katika madhhebi ya Shafi kuchinjwa kwa mama kwamtosha mtoto aliye tumboni mwake, lakini hilo ni katika nyama. Damu iliyomwagika ni haramu kwa matini ya Suratul An'am, aya ya 145, itoke kwa mama au kwa mtoto, kwa aliyechinjwa au asiyechinjwa.

Je, nyama iliyolishwa haramu huwa haramu? Hapa insafu yataka mtu asikaze kuliko walivyokaza maimamu. Mboga iliyopandwa katika mbolea ya najisi, ikioshwa huliwa. Kuku ashindaye jaani akila uchafu hata nyama yake ikanuka, Mashafi walio wengi wamemhesabu kuwa ni makuruhu, na dawa yake ni kufungiwa akalishwa chakula safi hata harufu iondoke. Vitabu vimetaja siku 3 kwa kuku, 7 kwa kondoo, 30 kwa ng'ombe na 40 kwa ngamia. Na mwanambuzi aliyenyonya maziwa ya mbwa hakuwa mbwa kwa hayo. Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Suratun Nahl, aya ya 66, ametaja maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu. Basi damu ya ndama, ikiwa imekwisha kuwa chakula cha seli, na seli zikaoshwa na kulishwa kilicho safi katika siku za mwisho, haina uzito wa asili iliyokosa kuchinjwa. Lakini ikibaki katika nyama hata tone, basi anayekula amekula damu. Nani athibitishaye kwamba haikubaki? Muuzaji? Njia ya salama ni kuiacha damu kabisa, nalo halikuwa gumu kama lilivyodhaniwa: mwaka 2022 wataalamu wa Mosa Meat, kampuni aliyoiasisi huyo Mark Post pamoja na wenzake, walichapisha namna ya kuzikuza seli za ng'ombe zikawa nyuzi za nyama pasi na damu ya ndama, na Januari 2023 Singapore waliruhusu kuku aliyelelewa bila ya hiyo.

Jambo ambalo wengi wa wasemao juu ya damu hulisahau ni tripsini. Seli hung'ang'ania chombo zinamokulia, na ili zihamishwe katika chombo kikubwa hutiwa dawa ya kuzibandua. Dawa hiyo kwa desturi ya maabara hutolewa katika kongosho la nguruwe. Ziko nyingine zisizotoka kwa mnyama, na mwenye kutaka huzipata. Lakini mtu akiulizwa juu ya damu akajibu kwa kiapo kwamba hapana damu, bado hakuulizwa juu ya nguruwe. Vivyo hivyo jelatini, itumiwayo kuwa jukwaa la kujengea nyuzi, yaweza kuwa ya ng'ombe aliyechinjwa, au asiyechinjwa, au ya nguruwe. Najisi ya nguruwe kwa Mashafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nani aoshaye seli kwa udongo?

Wanavyuoni wa zama hizi hawakukaa kimya. Nahdlatul Ulama wa Indonesia, nao ni Mashafi kama watu wa mwambao, walilizungumza jambo hili katika mkutano wao wa mwaka 2021, wakaiona nyama iliyotokana na seli za mnyama aliye hai kuwa ni sawa na nyamafu. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni moja ya Marekani ilitangaza jawabu ililopewa na wanavyuoni watatu wa Saudia, nalo ni kwamba nyama hii yaweza kuwa halali kwa sharti mnyama awe wa kuliwa, awe amechinjwa kisharia, chakula cha seli kisiwe na damu iliyomwagika wala pombe wala kitu cha nguruwe wala cha asiyechinjwa, na wenye kusimamia afya wathibitishe kwamba haidhuru. Na mwezi wa Februari 2024 Majlis Ugama Islam ya Singapore ilitoa fatwa ya kuijuzisha, seli zikiwa za mnyama aliwaye na pasiwe na kisicho halali katika yaliyochanganywa. Atazamaye ataona kwamba ikhtilafu ya watu hawa ni ndogo kuliko ya wale wa barazani. Hakuna aliyesema ni mchicha, wala hakuna aliyesema neno limekwisha.

Baadhi ya watu hupenda kufunga maneno kwa hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika Bukhari, ya watu walioletewa nyama wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, wakaambiwa walitaje wao kisha wale. Hadithi ni sahihi, na rehema yake ni kubwa. Lakini walioleta nyama ile walikuwa Waislamu wapya, na kuchinja kwao kulijulikana, iliyokuwa na shaka ni tasmiya tu. Nyama ya pipa shaka yake si ya tasmiya. Hapo huulizwa kama palikuwa na kisu hata kidogo.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya wasafiri wa meli peke yao, wala kwamba nyama hii huja na jina lake. Katika Mei 2024 duka moja la Singapore liliuza kuku wa pipa ambaye katika sehemu 100 za kitu kile sehemu 3 tu zilikuwa za seli, na zilizobaki ni za mimea. Mwezi wa Machi 2025 wakuu wa chakula wa Marekani walimaliza kuyakagua mafuta ya nguruwe yaliyooteshwa, ya kuchanganywa na vyakula vya mimea yapate ladha. Hilo ndilo la kutahadhari zaidi. Muislamu aliye ugenini amezoea kukimbilia chakula cha mimea aonapo shaka katika nyama. Na sasa kikopo chaweza kuwa na picha ya kunde ubavuni na mafuta ya nguruwe ndani. Wala asidanganywe na neno kwamba nguruwe hakuuawa. Nguruwe hakuharimishwa kwa kukosa kisu. Kisu hakimhalalishi, wala pipa halimhalalishi. Na kwa upande mwingine, siku ya Idd hata mtu akigawa masufuria ya nyama ya pipa iliyo halali, amegawa sadaka ya chakula, hakuleta udhuhiya, kwani udhuhiya ni mnyama wa umri maalumu na damu imwagwayo kwa ajili ya Mola.

Ama mtu wa pwani, chakula chake cha kwanza ni samaki, na samaki ana khabari nyingine. Mwezi wa Mei 2025 Marekani waliikubali samoni iliyooteshwa kwa seli, na wengine wanajaribu samaki wa bahari ya joto. Sasa na irejewe ile hadithi ya nundu na mikia: kilichokatwa katika kilicho hai ni kama kilivyo kikiwa kimekufa. Ng'ombe akifa bila ya kisu ni haramu, basi kipande chake ni haramu. Samaki akifa bila ya kisu ni halali, kwa Suratul Maida, aya ya 96, na kwa hadithi ya maiti wawili, samaki na nzige; basi kipande chake, kikikatwa naye angali akiogelea, ni halali na ni safi, hata kama kumkata akiwa hai ni makuruhu kwa ajili ya kumtesa. Hadithi ileile iliyofunga mlango wa zizi imefungua mlango wa bahari. Kwa seli ya samaki suali la kisu limeondoka, na limebaki la maji ya kulishia: kama mna damu, na kama mna tripsini ya nguruwe. Baharia aliyefunga gati ugenini, akiletewa sahani mbili, moja ya kuku wa pipa na moja ya samaki wa pipa, kwa ya kwanza ana masuali mawili, na kwa ya pili ana moja. Na akikosa wa kumjibu, kando ya bandari hapakosekani mvuvi.

Wallahu aalam.